MAMBO YA NYUMBA: Mtoto Asiyesikia, na Mahali pa Kuuliza



Mwezi huu ukurasa wetu wahusu jambo ambalo katika nyumba nyingi halisemwi mbele ya wageni, nalo ni habari ya mtoto asiyesikia, na ya mtu mzima ambaye masikio yake yamefifia. Wazazi wengi wa hapa Bomani, na wa vijiji vya Tarime na Serengeti, wakimwona mtoto wao hasikii, huuliza swali moja tu: Je, atapona? Swali hilo ni la haki, wala hatumlaumu mzazi anayeliuliza. Walakini liko swali la pili, nalo lina haraka kuliko la kwanza: Je, tangu leo mtoto huyu atasemezana nasi kwa lugha gani? Haya ni kama njia mbili zinazopasa kuendewa pamoja. Nyumba inayofuata njia ya kwanza peke yake, ikingoja dawa mwaka baada ya mwaka, hupoteza miaka ambayo haitarudi.

Neno "bubu"

Yafaa tuanze na jina, maana jina baya huharibu kazi kabla haijaanza. Mtoto asiyesikia huitwa na watu bubu, kana kwamba ulimi wake ndio wenye kasoro. Wengine humpeleka akatwe kile kiuzi kilicho chini ya ulimi, wakidhani ndipo atasema. Kumbe ulimi wake ni mzima, na koo lake ni zima. Hulia, hucheka, hupiga kelele kama wenzake. Hakujifunza maneno kwa sababu hakuyasikia. Hata mtoto wako mwenye masikio mazima hasemi Kichina, kwa kuwa hakukisikia nyumbani mwako. Viziwi wenyewe hawapendi kuitwa bubu, nasi tuliache neno hilo. Tuseme kiziwi, au mtu asiyesikia vema, na kwanza kabisa tumwite kwa jina lake alilopewa na wazazi wake.

Tena uziwi si wa namna moja. Yuko asiyesikia hata ngoma ikipigwa karibu naye. Yuko anayesikia sauti kubwa, asisikie ndogo. Yuko anayesikia kwa sikio moja. Yuko anayesikia vema wiki hii, na wiki ijayo asisikie, kwa kuwa maji au usaha umejaa nyuma ya kiwambo cha sikio. Mtoto wa namna hii ya mwisho huteswa sana, maana wazazi na waalimu husema, "Jana alisikia, leo anajifanya." Basi kabla hatujampiga kwa ukaidi, tuyatazame masikio yake.

Kwa nini tusikawie

Mtoto mdogo hukusanya lugha kama kuku akusanyavyo punje, moja moja, mchana kutwa, bila kufundishwa. Kazi hii hufanyika zaidi katika miaka ya kwanza ya maisha, na kadiri miaka inavyozidi ndivyo inavyokuwa ngumu. Mtoto aliyefika miaka saba au minane bila lugha yo yote, si ya mdomo wala ya mikono, hakukosa maneno tu. Amekosa hesabu ya siku, amekosa hadithi, amekosa kuuliza kwa nini, amekosa kujua jina la babu yake. Akili aliyozaliwa nayo ilikuwa njema, lakini haikupewa chakula.

Twajua desturi inayofuata. Mvulana wa namna hiyo hupewa fimbo, akachunge ng'ombe, maana ng'ombe hawadai maneno. Huwajua wote kwa rangi na kwa mwendo, na mmoja akipotea hujua upesi kuliko wenzake. Watu humsifu kwa uchungaji wake, wala hawajiulizi kwamba mtu awezaye kukumbuka mifugo yote ile angaliweza pia kukumbuka herufi. Msichana wa namna hiyo huachwa jikoni na kwenye kuni na maji. Akidhulumiwa na mwovu, hana maneno ya kumshitaki, na mwovu ajua hivyo. Wazazi, jambo hili si la aibu kulisema; aibu ni kulinyamazia. Msichana aliyepewa lugha amepewa pia njia ya kusema, "Fulani alinifanyia hivi."

Dalili za kutazamwa

Mama ndiye wa kwanza kuona. Tafadhali mzazi azitazame dalili hizi:

1. Mtoto mchanga hashituki wala hapepesi macho kishindo cha ghafla kinapolia karibu naye.

2. Mtoto wa miezi sita hageuki kuitafuta sauti ya mama yake, bali hugeuka tu amwonapo.

3. Mtoto wa karibu mwaka mmoja haitiki jina lake. Pengine alianza kutoa sauti za kitoto, kisha zikapungua, akanyamaza.

4. Mtoto wa miaka miwili hajaweza kuunganisha hata maneno mawili.

5. Mtoto aendaye shule huomba kurudiwa maneno, hutazama sana midomo ya mwalimu, hungoja wenzake wafanye ndipo aige, au huandika imla vibaya ijapokuwa anakili vizuri ubaoni.

Ukitaka kumjaribu, simama nyuma yake bila yeye kujua, utikise kibuyu chenye mbegu au umwite kwa sauti ya kawaida. Usikanyage chini kwa nguvu, wala usipige mlango, wala kivuli chako kisimwangukie. Maana kiziwi husikia mtikisiko kwa nyayo na huona kivuli upesi, nawe utadhani amesikia. Jaribu hili la nyumbani halitoshi kutoa hukumu. Latosha kukuondoa nyumbani uende hospitali.

Sababu, na zile zinazozuilika

Wako wanaosema kwamba uziwi ni laana ya ukoo, au kwamba jirani ameroga. Maneno haya yamevunja nyumba nyingi, maana baba humlaumu mama, na mama mkwe humlaumu bibi arusi. Ukweli ni kwamba zaidi ya watoto tisa katika kila kumi wasiosikia wamezaliwa na wazazi wanaosikia vizuri. Uziwi wa kurithi huweza kupita kimya katika vizazi, ukatokea kwa mtoto mmoja bila kosa la mtu ye yote.

Sababu nyingine ni magonjwa. Homa ya uti wa mgongo huweza kuharibu sikio la ndani kwa siku chache tu. Surua na matubwitubwi huweza kufanya hivyo pia. Rubela, ugonjwa ambao kwa mama mjamzito huonekana mdogo kama vipele vya kupita, humwumiza mtoto aliye tumboni, naye huweza kuzaliwa kiziwi, pengine na macho na moyo vikiwa na kasoro. Kwa ajili hiyo nchi yetu iliingiza chanjo ya surua na rubela pamoja mwaka 2014. Mama anayempeleka mtoto wake apate chanjo hii humlinda mtoto wake, na pia mtoto wa jirani ambaye hajazaliwa. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, au aliyepata umanjano mkali siku za kwanza, naye yafaa masikio yake yapimwe.

Ziko dawa zinazoponya ugonjwa lakini huweza kudhuru masikio, kama sindano za streptomycin, dawa iliyogunduliwa mwaka 1943 na kuokoa wengi wenye kifua kikuu, na sindano za gentamicin. Mtu asikimbie dawa aliyoandikiwa. Ila akisikia mlio masikioni, au akiona sauti zinafifia wakati wa matibabu, amwambie mganga siku ile ile. Tena tusinunue sindano dukani na kuchomwa na mtu asiyejua vipimo.

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote kwa watoto wetu ni sikio linalotoka usaha. Wengi husema, "Ni mambo ya watoto, litakauka." Pengine hukauka, na pengine hula kiwambo na mifupa midogo iliyo ndani. Mtoto huyu apelekwe zahanati. Huko atapewa dawa ya kutonesha sikioni, na mama ataonyeshwa kulikausha sikio kwa kitambaa safi kilichosokotwa, mara tatu au zaidi kwa siku, akibadili kitambaa mpaka kitoke kikavu. Usitie mafuta ya taa, wala mafuta ya kupikia, wala maziwa, wala maji ya majani. Usichokoe kwa njiti wala kwa unyoya wa kuku. Mtoto asiogelee mtoni sikio lingali likitoka usaha. Na ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, usingoje asubuhi. Hiyo ni hatari kubwa.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake kuu ya mwaka 2021 juu ya usikivu, lilisema kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada, na kwamba kwa watoto, karibu sita katika kumi wangaliweza kuepushwa. Basi wazazi wa nyumba hizi hawako peke yao, na mengi ya hayo tuliyoyataja yamo mikononi mwetu.

Njia ya kwanza: hospitali

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka huko utapelekwa hospitali ya Tarime, au kwa walio upande wa Serengeti, hospitali za Mugumu. Huko masikio yatatazamwa kwa taa. Mara nyingine shida ni nta iliyoshindiliwa, au punje ya mahindi iliyoingizwa na mtoto mwenyewe, na huondolewa siku ile ile. Ikiwa shida ni kubwa, omba barua ya kwenda hospitali ya mkoa Musoma, na kutoka huko Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo ina waganga wa masikio, pua na koo. Ichukue barua hiyo pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, na uandike katika karatasi siku ulipoanza kuona dalili na magonjwa aliyougua. Maswali haya utaulizwa, na mzazi aliyesafiri usiku kucha husahau.

Huko uliza maneno manne, wala usione haya: Je, uziwi huu ni wa kiasi gani? Ni wa sikio moja au yote mawili? Ni wa sikio la nje na la kati, ambao huweza kutibiwa, au ni wa ndani? Na je, shimesikio litamfaa?

Shimesikio ni kile chombo kidogo kivaliwacho sikioni, nacho hukuza sauti. Halirudishi masikio kuwa kama yalivyokuwa, wala halimfai kila mtu, lakini kwa yule aliyebakiwa na usikivu kiasi ni msaada mkubwa. Mzazi ajue mapema kwamba shimesikio hula betri, na lisipokuwa na betri ni kama jiwe tu. Kipande kinachoingia katika tundu la sikio hutengenezwa kwa kipimo cha sikio lenyewe, na mtoto akikua hakina budi kubadilishwa. Kwa hiyo, kabla ya kununua, uliza betri zapatikana wapi na kwa bei gani, na nani atakitengeneza chombo kikiharibika. Wengi wamenunua, wakakitia sandukuni baada ya miezi mitatu.

Ipo pia mashine inayopandikizwa kwa upasuaji ndani ya sikio. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza upasuaji huo mwaka 2017. Huwafaa zaidi watoto wadogo, na baada yake yapasa mtoto afundishwe kusikia kwa muda wa miaka. Si mwujiza wa siku moja, wala gharama yake si ndogo. Mzazi aliyeambiwa kwamba mtoto wake hafai kwa upasuaji huo asikate tamaa, maana njia ya pili iko wazi kwa wote.

Njia ya pili: lugha

Lugha ya alama ni lugha kamili, ina maneno yake na sarufi yake. Si kuigiza kwa mikono, wala si Kiswahili kilichoandikwa hewani. Katika Tanzania huitwa Lugha ya Alama ya Tanzania, na kwa kifupi LAT. Shule ya kwanza ya viziwi katika nchi yetu ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki. Ile ya Buguruni, Dar es Salaam, ilianza mwaka 1974, na ile ya Mwanga, Kilimanjaro, ilianzishwa na Kanisa la Kilutheri mwaka 1981. Ng'ambo ya ziwa, Bukoba, kuna shule ya viziwi ya Mugeza. Kwa kuwa shule hizi zilikuwa mbali mbali, watoto walikuza alama zilizotofautiana, hata ikapasa zikusanywe. Mwaka 2004 mtaalamu wa lugha Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa kamusi ya lugha hiyo.

Huenda mwalimu wa zamani atasema, "Mkimpa mtoto alama, hatajifunza kusema kwa mdomo." Wazo hili lina historia yake. Mwaka 1880 waalimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakaazimu kwamba watoto wafundishwe kwa mdomo tu. Shule nyingi zikakataza alama, na watoto wakafungwa mikono au kupigwa kwa kuzitumia. Hata mwaka 2010 mkutano wa aina ile ile, uliofanyika Vancouver, Kanada, ukalikana azimio lile na kusikitikia madhara yake. Mtoto mwenye lugha ya kwanza iliyo imara, iwe ya mikono au ya mdomo, hujifunza ya pili kwa urahisi zaidi, kama watoto wetu wanaoanza na Kikuria nyumbani na kupata Kiswahili baadaye.

Na mtu asidhani kwamba kiziwi ndiye peke yake anayepaswa kujifunza. Katika nchi ya Ghana kiko kijiji kiitwacho Adamorobe, ambako kwa vizazi vingi wamezaliwa viziwi wengi. Wenyeji wa huko wanaosikia nao walijifunza kusema kwa mikono, na kiziwi akapata watu wa kuzungumza naye shambani na barazani. Masikio ya watu wale hayakubadilika. Majirani ndio walioongeza lugha.

Tumkumbuke pia Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1925 katika jimbo la Alabama. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja aliugua homa ya uti wa mgongo, akawa kiziwi. Mwaka 1954 alihitimu katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, naye alikuwa mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi nchini Ghana, na kabla ya kufa kwake katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987 alikuwa ameanzisha shule zaidi ya thelathini katika nchi kumi na tatu za Afrika. Ugonjwa uliomfanya yeye kiziwi ndio huo huo unaowapata watoto wetu.

Sasa, mzazi wa Bomani aanzie wapi? Aende katika ofisi ya halmashauri, aulize Afisa Elimu anayeshughulika na elimu maalumu, na Afisa Ustawi wa Jamii. Hao ndio wanaojua shule ipi au kitengo kipi katika shule ya kawaida kinapokea watoto wasiosikia, na namna ya kuomba nafasi. Asingoje mtoto afikishe miaka kumi. Tena atafute Chama cha Viziwi Tanzania, kiitwacho CHAVITA, ambacho makao yake ni Dar es Salaam na kina matawi mikoani. Hapo atakutana na viziwi watu wazima, wenye kazi na nyumba na watoto. Mzazi ambaye hajapata kumwona kiziwi mtu mzima aliyesoma hawezi kuona mbele ya mtoto wake. Akimwona mmoja tu, hofu yake hupungua kuliko kwa hotuba kumi.

Jambo moja la mpakani: wengi wetu tuna ndugu ng'ambo ya Sirari, na watoto hulelewa huku na huku. Lugha ya alama ya Kenya, ambayo Katiba ya nchi ile ya mwaka 2010 inaitambua, si sawa na yetu. Si vibaya mtoto kujua zote mbili. Ila asihamishwe kila muhula, akajifunza nusu ya hii na nusu ya ile.

Kazi za nyumbani zisizo na gharama

Kabla shule haijapatikana, nyumba yaweza kuanza leo:

1. Msemeze mtoto uso kwa uso, mwanga ukiwa juu ya uso wako. Jioni sogea karibu na taa.

2. Mguse bega au punga mkono kabla ya kusema. Usimtupie kitu, wala usimvute kwa ghafla.

3. Kila mtu wa nyumbani apewe alama yake ya jina, na kila chombo kiwe na alama. Wote wazitumie zile zile, baba, mama, bibi na watoto. Mkiisha kujifunza alama za LAT, zishikeni hizo.

4. Mwambie mambo kabla hayajatokea. Mtoto mwenye kusikia hujua mapema kwamba kesho kuna safari au msiba. Kiziwi huona tu watu wanalia au wanafunga mizigo. Mchoree picha udongoni ikiwa huna namna nyingine.

5. Mwonye na kumtia adabu kama wenzake. Kumwachia kila kitu kwa huruma ni kumtenga pia.

6. Usiku asitumwe njiani peke yake, na njia ya magari aonyeshwe mara nyingi, maana pikipiki inayotoka nyuma haisikii.

Maneno kwa waalimu

Mwalimu, mkalishe mtoto huyu mbele, upande wa sikio lililo jema, mahali anapouona uso wako na wa wenzake. Usiseme ukielekea ubaoni. Andika neno jipya kabla ya kulieleza. Usimwulize, "Umeelewa?" kwa kuwa atatikisa kichwa kukupendeza, mwambie aonyeshe au aandike. Mpe mwenzake mmoja mwenye moyo mwema wa kumwonyesha ukurasa. Mwalimu atakaye kusomea kazi hii hasa, kiko Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, kinachofundisha elimu maalumu.

Katika ibada na mikutano ya kijiji hali ni ile ile. Kiziwi huketi saa mbili akitazama midomo, kisha watu husema amehudhuria. Kama yuko mtu ajuaye alama, asimame mbele atafsiri. Kama hayuko, vijana wawili wa kwaya wapelekwe wakajifunze. Si kazi kubwa kuliko kujifunza litungu.

Wazee na wachimbaji

Tusiwasahau wazee wetu. Babu anayejibu kisichoulizwa hakupotewa na akili; masikio yake yamechoka. Watu humcheka, naye hujitenga, akakaa peke yake nyuma ya nyumba. Tusipige kelele sikioni mwake, maana kelele huharibu neno. Tuseme pole pole, kwa sauti iliyo wazi, tukimtazama. Apelekwe apimwe, maana pengine ni nta tu.

Na vijana wanaofanya kazi upande wa Nyamongo, ambako mgodi mkubwa wa North Mara ulianza mwaka 2002, na wale wa machimbo madogo wanaokaa kutwa karibu na karasha na baruti, wajue kwamba kishindo huua masikio kidogo kidogo bila maumivu. Ukiona ukitoka kazini masikio yavuma, au lazima uinue sauti sana ili mwenzako wa karibu akusikie, kelele hiyo ni ya kudhuru. Vaa vizibo vya masikio, wala usione ni mambo ya woga. Uziwi wa kelele haurudi nyuma.

Haki iliyoandikwa

Mwisho, mzazi ajue kwamba haombi sadaka. Nchi yetu iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Sheria hiyo yampa mtoto asiyesikia haki ya elimu na matibabu kama wengine, nayo yakataza kumbagua. Akikataliwa mlangoni, mzazi arudi kwa Afisa Ustawi wa Jamii na kulitaja jina la sheria hiyo kwa upole na bila hofu. Msichana au mvulana kiziwi aliyedhulumiwa apelekwe polisi upesi, na wazazi waombe mkalimani. Kesi isifutwe eti kwa sababu hawezi kusema.

Basi, wasomaji wapenzi, fanyeni jambo hili mwezi huu. Tazameni katika nyumba yenu, kisha katika nyumba ya jirani. Akiwapo mtoto aliyefichwa, msiende kwa kulaumu. Nendeni kwa kumsaidia mama yake kupanga safari ya zahanati, na siku ile ile mjifunze naye alama tano: maji, chakula, mama, njoo, vema. Kesho mwongeze nyingine tano. Waalimu wanaweza kuusoma ukurasa huu mbele ya wazazi siku ya mkutano wa shule, na tarehe 23 Septemba, ambayo tangu mwaka 2018 ni siku ya lugha za alama duniani, wawaruhusu watoto wasiosikia wawafundishe wenzao alama chache.

Mwezi ujao tutaeleza habari ya macho ya watoto. Kwa herini.